Mpimaji wa Punda wa Bangwe

Hakuwa akimsalimia mtu kabla ya mnyama. Ukimkaribisha uani, macho yake yalikupita begani yakatafuta kama kuna mbuzi, au bata, au hata paka wa jirani. Akimwona, alimkagua kwanza yule: miguu, macho, pua. Ndipo alipogeuka kwako na kusema, "Jambo, mama." Watu wa Bangwe, mtaa wetu wa ufukweni, walisema hana adabu. Mimi nilimwona kila siku kwa miaka, na nadhani alikuwa na haya tu. Mbele ya mnyama haya zilimtoka. Mbele ya watu zilirudi.

Shikamoo ilimsumbua sana. Kwao ng'ambo ya ziwa haipo. Watoto wetu walipomwamkia alisimama kimya kama mtu aliyepewa kitu kizito hajui akiweke wapi. Baadaye alijifunza kuitikia marahaba, lakini aliitamka kwa sauti ya chini, na mara nyingi mtoto alikuwa ameshapita.

Alikuja wakati ule wa vita vya Kongo, maboti yalipokuwa yakitua ufukweni yamejaa watu na magodoro. Wengi walipelekwa makambini. Wengine walibaki mjini kwa ndugu, na sisi wa asili ya Kimanyema hatukosi ndugu upande ule. Yeye hakuwa na ndugu. Kaka yangu alimkuta kwenye mwalo wa samaki, pale mitumbwi inapotua, amepiga goti mbele ya punda wetu, amemshika kwato. Kaka akamfokea, "Wewe! Unafanya nini na mali ya watu?" Yule mzee bila kuinua kichwa akajibu, "Kuna jiwe humu. Anatembea nalo tangu jana." Akalitoa kwa ncha ya kisu. Kaka akamleta nyumbani siku ile ile, akampa chumba cha uani kilichokuwa cha kuwekea magunia. Ndivyo alivyoanza kula kwetu.

Mimi nilikuwa nimerudi kwa kaka baada ya talaka yangu, na binti yangu Zuhura. Nilikuwa nakaanga migebuka, samaki wa ziwa letu, na kuuza. Kwa hiyo mimi ndiye niliyempelekea sahani, mchana na jioni, na kama kuna mtu Bangwe anaweza kusema alimjua, labda ni mimi. Hata hivyo sijui alizaliwa wapi, wala hakuwahi kutaja jina la baba yake.

Jina la Mpimaji alilipata kwa ajili ya kazi yake ya zamani. Katika mji wao wa migodi palikuwa na uwanja wa mbio za farasi, ulioachwa na wazungu ukachukuliwa na matajiri. Farasi akishinda, yeye alimfuata mpaka kibanda cha peke yake, ameshika kikombe kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, akasimama nyuma yake akipiga mluzi polepole mpaka farasi akojoe. Mkojo ukatiwa kwenye chupa, chupa ikafungwa kwa nta, ikapelekwa kwa wenye mashine ya kutazama kama mnyama alipewa dawa. Tulipomsikia akieleza, tulicheka mpaka machozi.

"Kwa hiyo Mzee, kazi yako ilikuwa kupiga mluzi?" kaka alimuuliza.

"Njo vile," alijibu, yaani ndivyo hivyo. "Kupiga mluzi na kungoja."

Nikamuuliza kwa nini mtu ampe farasi dawa. Akaniangalia kama nimeuliza kwa nini mtu anaiba. Alisema ziko dawa za kumpa mnyama mbio ambazo si zake, ziko za kumtuliza aliye mkali, na ziko za kuua maumivu. Hizo za mwisho ndizo alizozichukia. "Maumivu ni mdomo wa mnyama," alisema. "Ukimuulia maumivu ili akimbie, umemziba mdomo. Halafu unampandisha mtoto wa mtu mgongoni."

Alikuwa na maneno mengine ya namna hiyo, na aliyarudia mno, kama mtu asiye na wa kuzungumza naye. "Farasi haisemake bongo," alisema, na bongo kwao ni uongo. Akiona mtu anajisifu barabarani: "Huyo angoje jioni." Kama chakula kilichelewa: "Hakuna neno, mimi ni mtu wa kungoja." Lakini si kweli kwamba alijua kungoja. Kwa mnyama angekaa kutwa. Kwa mtu, hata nusu saa hakuiweza. Mara nyingi kaka alimwita aje barazani wale pamoja, akaja, akasimama mlangoni, akaona watu wanaongea na hakuna aliyegeuka, akarudi chumbani kwake. Kaka akasema, "Mzee wako ana kiburi." Mimi nikichungulia nilimkuta amekaa kitandani, amevaa shati lake la kutokea, vifungo vyote vimefungwa.

Jambo lingine. Mtu huyu aliyechukia dawa kuliko nyoka alikuwa akimeza vidonge vya maumivu kama karanga. Mgongo wake ulikuwa umeharibika, alipigwa teke na farasi zamani. Siku moja nilimkuta anatia viwili mdomoni kabla ya kwenda kuwafunga punda. Nikamwambia, "Mzee, na wewe?"

Akameza, akafuta mdomo. "Mimi sishindani na mtu, Mama Zuhura."

Nilicheka, naye akatabasamu kidogo. Baadaye nilipokuwa peke yangu jikoni lile neno lilinirudia, na halikunichekesha tena.

Lazima nieleze habari ya punda. Watu walipoongezeka mjini, maji na matofali vilikuwa shida kupandisha vilimani. Kaka akanunua punda kutoka Unyamwezini, na mzee mmoja wa mkaa kule Gungu akanunua wake, na wengine wakafuata. Vijana wanaochunga punda hawawezi kukaa bila kushindana. Ikaanza kama mchezo, mwishowe kila Idi pili kukawa na mbio za punda pale Bangwe, kutoka juu kilimani, kushuka mteremko wa mawe mpaka mwalo wa samaki, na kurudi. Mji mzima ulikuja. Wakimbizi walikuja, Wakristo kwa Waislamu. Nadhani watu walihitaji kitu cha kupigia kelele kisichokuwa vita.

Na kama kawaida ya binadamu, ikaingia hila. Mmoja alimnywesha punda wake kahawa nzito. Mwingine alimpa gongo, pombe kali ya kienyeji. Wako waliosaga vidonge wanavyomeza madereva ili wasilale, wakavichanganya na pumba. Mwaka mmoja punda wa kijana wa mtaa wa Rusimbi alifika wa kwanza, akazunguka mara mbili kama aliyepotea njia, akaanguka mbele ya watoto, akafa macho wazi. Wazee wa kamati ya mbio walikuja kwetu siku iliyofuata. Walimkuta Mpimaji anatia mafuta kwenye kidonda cha shingo ya punda.

"Mzee," mmoja akamwambia, "tusaidie. Ama tuache kabisa."

Akaweka mafuta chini, akasimama. Sikuwahi kumwona vile. Mgongo ulikuwa umenyooka. Akawapa masharti. Punda wote waletwe zizi moja tangu jana yake, wakae chini ya macho yake, asiwalishe mtu mwingine. Kabla ya mbio awapitie mmoja mmoja kwa mkono, na akisema huyu haendi, haendi. Na zawadi isitolewe uwanjani. Mshindi akae naye mpaka jua lizame. "Mashine sina," aliwaambia. "Lakini dawa ina mwisho wake. Nikikaa na mnyama, dawa ikichoka, ataniambia mwenyewe."

Kikombe na fimbo alivitengeneza pia, akapiga mluzi nyuma ya punda huku watoto wakigaragara kwa kicheko. Nilimuuliza mkojo wenyewe ataupeleka wapi. Akasema, "Popote. Lakini mwenye punda akiniona na kikombe, anaogopa."

Ilikuwa kweli. Kwa muda mbio zilikuwa safi, na yeye alikuwa mtu. Barabarani walimwita, "Mpimaji! Mpimaji!" Alipita ameinamisha kichwa, hajui afanye nini na jina lake.

Habari ya mkewe alinieleza mara moja tu, tukiwa tunatwanga muhogo. Sikuwa nimemuuliza. Alisema, "Mke wangu alikuwa anatwanga kwa mkono wa kushoto." Kisha akaendelea kama anayesimulia habari za watu wengine. Kule uwanjani, mtunza farasi mmoja alikuwa shemeji yake, ndugu wa mkewe, tumbo moja. Tajiri mwenye farasi alimwamuru amchome mnyama sindano ya ganzi mguuni. Farasi akashinda. Mpimaji alipoushika mguu ule alijua. Shemeji yake akamwangalia tu, hakumwomba chochote. Mpimaji akajaza chupa, akaifunga, na waamuzi walipomuuliza akasema alichokiona. Tajiri alilipa faini akaenda zake. Shemeji alifungwa, akatoka kifua kimeharibika, akafa.

"Mkeo alisema nini?"

Akachukua mtwangio mkononi mwangu, akatwanga kidogo. "Alisema, ulikuwa na haki. Sasa kalale na haki yako. Akaenda kwao."

"Hukumfuata?"

"Nilikwenda. Nikasimama mlangoni. Walikuwa wanaongea."

Nilitaka kumwambia jambo, lakini alikwisha kunirudishia mtwangio.

Sasa nifike kwenye Idi ile. Kaka yangu alikuwa mtu mwema, nataka hilo lieleweke. Alimlisha mgeni miaka na hakuwahi kumhesabia tonge. Lakini alikuwa ameshindwa na yule mzee wa mkaa wa Gungu Idi mbili mfululizo, na wateja wa maji walianza kumwendea mwenye punda wa mbio. Zawadi mwaka ule ilikuwa baiskeli. Mwanawe, Ramadhani, kijana aliyekuwa anajiandaa kuoa, ndiye aliyekuwa mpanda punda wetu. Na punda wetu alikuwa mgonjwa wa mguu wa mbele. Mpimaji mwenyewe alimwambia kaka wiki nzima, "Mpumzishe huyu." Kaka akaitikia, "Tutaona, Mzee."

Jana yake walimpeleka zizini kama wengine. Asubuhi ya mbio kaka alikwenda akasema anamwogesha punda ziwani. Kwa mtu mwingine Mpimaji asingekubali. Kwa mtu anayemlisha, alimwacha apite. Akabaki na wale wengine.

Nilikuwa pale na sinia langu la samaki. Punda walipangwa kwa mstari, wapandaji juu, watu wakipiga madebe. Mpimaji akapita mmoja mmoja, mkono ukishuka mguuni mpaka kwato. Alipofika kwa wetu, akashika mguu, akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa dole gumba, kwa nguvu. Punda hakustuka. Nikamwona mzee amefumba macho. Watu wakaanza kumpigia kelele aharakishe. Kisha akaushika mkono wa Ramadhani.

"Shuka, mwanangu."

"Kwa nini, babu?"

"Huyu haendi."

Wapiga madebe wakageuka. Kaka akaja mbio, tabasamu bado liko usoni. "Mzee, kuna nini? Mbona mzima huyu? Hachechemei."

"Njo shida. Jana aliuvuta mguu. Leo hana mguu."

Watu wa Gungu wakaanza kucheka. Kaka akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu na nilisikia, "Mzee. Unakula kwangu."

"Ndiyo," akasema Mpimaji. "Na huyu kijana ameninawisha mikono kila siku. Pale kwenye mteremko mguu utavunjika, naye atatangulia kichwa."

"Ungeniambia nyumbani. Unanivua nguo mbele ya watu."

"Nyumbani ulijua. Hapa ndipo nilipojua na mimi."

Ramadhani akashuka. Sitasahau alivyoshuka, taratibu, akimwangalia baba yake. Mbio zilikwenda bila sisi, na mzee wa mkaa akachukua baiskeli. Alasiri ile Mpimaji hakuondoka kando ya punda wetu. Watu walianza kuondoka, wengine wakarudi kwa umbeya. Jua lilipokuwa linagusa milima ya ng'ambo, punda akaanza kutetemeka. Akainua mguu, akauning'iniza hewani, akakataa kuuweka chini. Akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa punda. Kwa hiyo kila mtu akaona kwamba mzee alisema kweli, na kwamba kaka yangu alikuwa tayari kumpandisha mwanawe juu ya ile kweli.

Kama Mpimaji angekuwa amekosea, labda kaka angemsamehe. Angemtania, wangecheka. Kwa kuwa hakukosea, hapakuwa na njia.

Hakumfukuza. Wala hakumtukana. Jioni ile nilipopakua sahani ya uani, kaka alisema bila kuniangalia, "Hiyo ya nani?" Basi. Nikakirudisha chakula sufuriani. Siku ya pili nilificha ugali na sombe, yaani kisamvu, chini ya kanga nikampelekea. Alifunua, akafunika tena.

"Mwenye nyumba anajua?"

Nikajifunga kanga upya.

"Rudisha, mama. Usianze kuiba kwa ajili yangu."

"Utakula nini, Mzee?"

"Mimi ni mtu wa kungoja."

Alingoja siku chache. Mchana alimhudumia punda yule yule, akamkanda mguu kwa maji ya moto na chumvi, na kaka akapita kando yake kama anapita mti. Ramadhani alitaka kwenda kumwomba baba yake, mzee akamkataza. Asubuhi moja tukakuta chumba kimefagiwa, magunia yamepangwa ukutani kama yalivyokuwa kabla hajaja. Alikwenda Rusimbi, akalala kibarazani kwa Mkongomani mwenzake mshona viatu. Kisha serikali ikasema wakimbizi wote wa mjini waende makambini, na lori likamchukua pamoja na wengine. Kamati ya mbio haikupata mtu mwingine. Mbio zikafanyika Idi moja zaidi, kwa fujo, zikafa.

Punda alipona. Ramadhani alioa. Nyumbani kwetu jina la Mpimaji halikutajwa, na mtu akisahau akalitaja, kaka aliinuka kwenda kunawa mikono.

Ilipita miaka kabla sijamwona tena. Nilikuwa nimeanza kupeleka mawese na dagaa kwenye soko la nje ya kambi, na siku moja nikaulizia. Mwanamke mmoja akanielekeza: nyumba ya mwisho, baada ya hapo ni miti. Nilimkuta amekaa nje kwenye kigoda, shati lile lile, limefungwa mpaka juu. Alikuwa amekonda, na mkono mmoja ulikuwa unacheza wenyewe. Hapakuwa na mbuzi wala kuku. Alinitazama mimi kwanza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Zuhura." Aliisema vizuri, kwa sauti ya kutosha.

Nilimwandalia alichoweza kula. Aliniuliza habari za mguu wa punda, nikamwambia. Za Ramadhani, nikamwambia ana watoto. Akauliza kama mmoja amepewa jina la babu yake, kaka yangu, nikasema ndiyo. Majirani walipita njiani wakiongea Kirundi na Kibembe. Hakuna aliyemgeukia. Nilitaka kumwuliza kama kule pia hana mtu, lakini jibu lilikuwa limekaa pale pale mlangoni: sahani moja, kikombe kimoja, mkeka wa mtu mmoja.

Nilipoinuka kufuata lori la kurudi Bangwe, nikashindwa kuondoka hivi hivi. Nikasema, "Kaka anakusalimia sana."

Alinitazama kwa yale macho aliyotazamia miguu ya punda, nami nikajua amejua.

"Kaka yako hakutuma salamu," alisema.

Nikainama kuchukua ndoo yangu ya mawese.

"Lakini mwambie nimezipokea."

Nilirudi Bangwe na neno lile kifuani, nisijue ni la kufikisha au la kuzika. Jioni, kaka alipokuwa anakula, nikalisema. "Nilikuwa kambini. Mpimaji anasema salamu zako amezipokea."

Kaka alishika tonge, hakulipeleka mdomoni. Nilidhani atainuka kunawa. Alikaa.

"Anakula?" akauliza.

"Kidogo."

Akalitia tonge mdomoni. "Ukienda tena, mpelekee migebuka. Ile minene."

Niliikausha vizuri, nikaifunga kwa majani ya mgomba. Nilipofika, nyumba ya mwisho ilikuwa wazi, hata mlango ulikuwa umeshachukuliwa na mtu. Yule mwanamke aliniambia meli za kurudisha watu Kongo zilikuwa zimeanza, naye Mpimaji alijiandikisha katika wa kwanza. Nikamuuliza ni nani aliyekuwa akimngoja huko.

"Hakusema," akanijibu. "Tulimwuliza, akasema yeye anakwenda tu kusimama mlangoni kwa watu fulani, na safari hii hataondoka mpaka wageuke."

Nikampa yule mwanamke samaki, maana lori lilikuwa linapiga honi.